Re: Kwa nini Brahma anawapa asura nguvu halafu miungu ndo wanahangaika?
Mkuu, kwenye hadithi za Kihindu ukijinyima na kujitesa kwa ibada mpaka Brahma, mungu muumbaji, akatokea lazima upewe unachoomba, haijalishi we ni nani, na hao asura, yaani wapinzani wa miungu, usiwachukulie kama shetani wetu, baba yao na deva (hao miungu) ni mmoja, mzee anaitwa Kashyapa. Sasa Hiranyakashipu, mfalme wa asura, akaomba asiuawe na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku, chini wala angani, wala kwa silaha, yaani jamaa alifunga kila mlango. Vishnu, mungu mlinzi wa ulimwengu, akaja nusu mtu nusu simba, magharibi jua linazama, akamdaka pale kizingitini, akamlaza mapajani akampasua tumbo kwa kucha. Mi hapo huwa nacheka, ahadi ya Brahma haijavunjwa hata moja! Na kilichofikisha mambo hapo ni mwanaye wa kumzaa, Prahlada, aligoma kuacha kumwabudu Vishnu.