Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anayekariri Ukurasa Bila Kuusoma

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu yuko Darasa la Pili katika shule ya msingi hapa Dodoma. Akifungua kitabu chake cha Kiswahili anasoma ukurasa mzima bila kukwama, lakini juzi nilimwonyesha maandishi ya mfuko wa chumvi, akashindwa hata neno moja. Mwalimu wake anasema wanafundisha kwa silabi, na jirani yangu anasema silabi ni mtindo wa zamani uliopitwa na wakati. Nimsikilize nani? (Mzazi, Dodoma)

JIBU: Mzazi mwenzangu, ulichokiona kwenye mfuko wa chumvi ndiyo hali halisi ya mwanao, na umefanya vyema kutoipuuza. Ukurasa ule ameukariri kwa kusikia darasa zima likiuitikia kwa pamoja, na picha inamkumbusha sentensi inayofuata. Ukitaka uhakika, funika picha kwa kiganja, mwonyeshe neno lililo katikati ya mstari, kisha mwandikie kwenye karatasi maneno yasiyo na maana, kama vile “tefu”, “mopi” na “dibo”, ambayo hajawahi kuyasikia na kwa hiyo hawezi kuyakisia. Wanaopima stadi za kusoma hutumia maneno ya namna hiyo kwa sababu hiyo hiyo.

Kuhusu silabi, mwalimu yuko sahihi. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Philip Seymour walichapisha ulinganisho wa watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya, wakakuta kwamba karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule watoto wa Finland walisoma kwa usahihi maneno 98 hivi kati ya 100 waliyoyazoea, ilhali wenzao wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, walipata 34 tu. Kifini huandikwa kama kinavyotamkwa, Kiingereza sivyo. Kiswahili chetu kiko upande wa Kifini: irabu ni tano, kila moja ina sauti yake isiyobadilika, na mtoto aliyeshika “ba, be, bi, bo, bu” hahitaji kukariri neno zima kama picha. Mabishano ya wasomaji wa Kiingereza kuhusu kufundisha neno zima au sauti yasitufanye tuitupe neema tuliyonayo.

Hata hivyo, silabi zinaweza kufundishwa vibaya. Mtoto aliyefundishwa majina ya herufi tu, “a, be, che, de”, akikutana na neno “baba” huanza kusema “be-a, be-a” na kubaki hapo, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba sauti ya “b” hukutana na sauti ya “a”. Mwingine huimba silabi kwa mpangilio wa ubaoni, lakini ukianzia “bu” badala ya “ba” anapotea. Mchanganyie mpangilio. Zikishakaa vizuri, nenda kwenye “mb”, “nd”, “ny”, “mw”, na tofauti ya “ng” na “ng'”, ambapo watoto wengi hukwama.

Jambo lingine ambalo nadhani tunalipa uzito mdogo ni kasi. Maneno ya Kiswahili ni marefu: “watakapotuandikia” ni neno moja lenye silabi tisa. Mtoto anayelisoma kwa kuokota silabi mojamoja hufika mwisho akiwa amesahau mwanzo, na ndiyo maana unaweza kumkuta mtoto asiyekosea hata herufi lakini hawezi kueleza alichosoma. Huyo asikaripiwe kwa kutoelewa. Apewe hadithi fupi ileile aisome tena na tena kwa sauti, mbele ya mtu anayemsikiliza.

Serikali ya Tanzania ilililenga tatizo hili mwaka 2015 ilipoleta mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili unaojikita katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini katika darasa lenye watoto 90, mwalimu atamsikiliza mwanao peke yake lini? Mwombe akuambie yuko hatua gani, herufi, silabi, neno au aya, kisha uanzie hapo nyumbani kila jioni kwa dakika kumi.

SWALI: Shule yetu imeahidiwa fedha na wafadhili. Baadhi ya wajumbe wanasema zikipatikana, watoto watasoma. Je, kuna ushahidi? (Mjumbe wa kamati ya shule, Morogoro)

JIBU: Upo, na umetoka hapa nchini. Katika utafiti uliofanyika kwa miaka miwili kwenye shule 350 za msingi Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2019, baadhi ya shule zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, nyingine walimu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani wa somo, na kundi la tatu likapata vyote viwili. Ruzuku pekee haikupandisha alama za watoto. Vyote viwili kwa pamoja vilizipandisha waziwazi.

Kenya, mpango wa Tusome ulioenea nchi nzima kuanzia mwaka 2015 ulikwenda njia inayofanana: kila mtoto kitabu chake, mwalimu mwongozo wa somo, na afisa wa mitaala anayeingia darasani na kishikwambi chake, akasikiliza watoto wakisoma, kisha akakaa na mwalimu kuzungumzia somo. Kwa hiyo ndugu mjumbe, kabla fedha hazijafika, kamati ikubaliane kwa maandishi nani atawasikiliza watoto wa Darasa la Pili wakisoma mmoja mmoja, siku gani za muhula, na matokeo yao yatasomwa katika kikao kipi cha wazazi.