Kilomita 60,000 zisikutishe

Ndugu, unauliza kama kilomita 60,000 ni sababu ya kuikimbia hiyo pikipiki ya safari ndefu. Hapana. Injini kubwa iliyozoea barabara kuu huchakaa taratibu kuliko ile ya kuwashwa na kuzimwa mjini kila siku. Mimi ningeanza na kumbukumbu za sevisi: valvu za injini zilipimwa lini? Kisha matairi. Tarakimu nne ubavuni, mfano 2315, ni wiki ya 23 ya mwaka 2015; hayo ni ya kubadilisha hata kama kashata (meno ya tairi) bado zimejaa. Matairi, mnyororo, breki, gharama ya kuvibadilisha itoe kwenye bei. Masanduku ya pembeni? Muuzaji atayahesabu kama mapya, wewe usimlipe hata nusu. Na bei za matangazo ni za kuanzia mazungumzo tu.