Vijana wa jikoni, acheni kununua mawe, jifunzeni kunoa

Makomi wangu, wapishi wadogo wa jikoni, na nyie wanafunzi wa fildi, nimevumilia nimechoka. Juzi tena nimemwona kijana kaagiza jiwe la kunolea namba 8000 (namba ikipanda jiwe ni laini zaidi) kwa hela ya mshahara, limekuja kwenye boksi lake zuri, na kisu anachokisugulia humo hakipasui hata ganda la nyanya. Anasugua, anakipiga picha kinavyong'aa, halafu anarudi kwenye stesheni yake anaikandamiza nyanya mpaka inatema mbegu. Kabla yake kulikuwa na mwingine, na mkimaliza fildi mtakuja wengine na mawe yenu ya 8000, kwa hiyo naandika mara moja yaishe.

1. Jiwe la kwanza ni 1000. Ukiwa na hela ya mawili ongeza 400 hivi la kurudishia kisu kilichomeguka, la kung'arisha litasubiri. Yale ya kijivu ya hadwea yenye pande mbili ni ya panga na jembe, ingawa kwa kisu kilichokufa kabisa siyakatai. Halafu visu vingi vya Kijerumani tunavyotumia mahotelini chuma chake kiko 56 mpaka 58 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell, ni laini, ukikipeleka 6000 ile polishi yote inaisha kabla lanchi haijatoka, ishia 1000, sana sana 3000. Vya Kijapani vya 60 kwenda juu ndo vinashika. Na namba za mawe ya Kijapani hazilingani na za Kimarekani, msije mkabishana stoo bure.

2. USIPANDE KWENDA JIWE LA NAMBA KUBWA KABLA HUJAPATA BARI. Ningeweza kuandika hili tu nikalala. Unasugua upande mmoja mpaka chuma chembamba kijikunje upande wa pili, ndo bari hiyo, kuanzia kisigino cha kisu mpaka ncha, unakisikia kwa kupitisha dole gumba kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, sio kufuata urefu wa makali tafadhali, bandeji zenyewe za kuomba. Kinakwaruza katikati ila kwenye ncha hamna? Basi ncha bado, rudi. Nyie mnapiga mara kumi huku mara kumi kule kwa sababu mtu kwenye video alihesabu kumi. Yeye alikuwa na kisu chake na jiwe lake, wewe sugua mpaka bari itoke, iwe kumi iwe mia. Ikishatoka pande zote mbili ndo unapunguza nguvu, unapiga moja huku moja kule, kwa uzito wa kisu chenyewe tu, mpaka iondoke. Na hapa ndo wengi wanapodanganyika, kisu kinakata karatasi vizuri, watu wanashangilia, kinaenda kwenye kitunguu cha pili kimelala. Ile ilikuwa bari umeiacha imesimama, imekata karatasi ikavunjika, makali yenyewe hukuwa nayo.

3. Nyuzi, yaani pembe ya kisu na jiwe. Kisu cha upana wa sentimita 4.5 ukitaka nyuzi 15 inua mgongo wake milimita 12 hivi kutoka kwenye jiwe, pima kwa rula mara ya kwanza, hakuna atakayekucheka. Paka makali maka peni, sugua kidogo, angalia wino umetoka wapi. Ukitoka juu tu umelaza sana, ukitoka kwenye ncha ya makali tu umeinua sana.

4. Mawe aina ya King loweka mpaka mapovu yaishe, dakika 10 zinatosha. Ya kauri kama Shapton mwagia maji uanze. Yale matope yanayotoka msiyaoshe kila sekunde, yanafanya kazi. Na mtu asitie mafuta kwenye jiwe la maji, nitamjua.

5. Kijue kisu kabla hujakiweka kwenye jiwe. Hapa nitakaa kidogo maana bado panauma.

Nilikuwa komi, nimeshajua kunoa, au tuseme nimeshajua kunoa visu vya Kijerumani, na jikoni zima wananiletea mpaka watu wa keki, kichwa kikavimba. Hoteli ile ilikuwa na kaunta ya sushi na shefu wake alikuwa mzee wa Kijapani, mpole, haongei, visu vyake anavikunja kwenye taulo kila usiku. Asubuhi moja kaenda kupokea samaki, mi nikaiona yanagiba yake, kile kisu kirefu cha kukatia samaki wa sushi, juu ya ubao nikasema ngoja nimfanyie mzee sapraizi. Hakuna aliyeniomba. Nikaanza na 400, nikainua nyuzi 15 upande huu, nikageuza nikainua nyuzi 15 upande wa pili, sawa kwa sawa, kwa raha zangu, napiga mluzi.

Mnaojua mshashika kichwa. Yanagiba inanolewa upande mmoja. Mbele kuna mteremko mpana, unaulaza wote kwenye jiwe. Nyuma kumechimbwa kidogo katikati, kinachogusa jiwe ni ukingo mwembamba tu wa pembeni, na huo unalazwa flati, kwenye jiwe la namba kubwa, kiasi cha kutoa bari basi. Hauinuliwi. Mi niliuinua, tena kwa 400.

Mzee karudi, kafungua jodari, kavuta kipande cha kwanza. Kikatoka kinene huku chembamba kule, na uso wa nyama umechanikachanika, hauna ule mng'ao. Akasimama. Akakifuta kisu, akakilaza ule upande wa nyuma juu ya kioo cha kaunta, akainama mpaka macho yakawa usawa wa kioo. Na mi nikainama, sijui kwa nini, nikaona mwanga unapita chini ya makali, mstari mwembamba, kutoka kisigino mpaka ncha. Hakuuliza nani. Alinitazama vidole, kucha zimejaa matope meusi ya jiwe.

Usiku baada ya sevisi akatoa mawe yake akaanza kula chuma upande wa mbele mpaka ule mteremko wangu wa nyuma uishe, maana njia nyingine hamna, chuma ukishakitoa hakirudi. Kazi yangu ikawa kumwagia maji. Neno alilonisemesha ni "maji", akanyamaza, halafu "maji" tena, nami nasimama na jagi mkononi wenzangu wanapita kwenda kupanda staff basi wananichungulia. Kisu kikapungua upana unaouona kwa macho. Kesho yake akanipa kisu cha kumenyea viazi cha stoo, ninoe. Nikanoa. Akakiangalia, akanirudishia. Nikanoa tena, akanirudishia tena. Na mi ndo nilikuwa fundi wa jikoni zima!

Kwa hiyo kisu chenye upande mmoja bapa, yanagiba, deba, usuba, kaa nacho mbali mpaka mwenyewe akuelekeze. Na kisu cha mtu hakinolewi bila kuombwa, hata kama unampenda mwenye kisu.

6. Sawazisheni mawe. Kuna moja pale kwenye shelfu mmelisugua katikati miaka yote mpaka limekuwa mtumbwi, halafu mnalalamika nyuzi hazikai, zitakaaje wakati jiwe lenyewe linapanda na kushuka. Chora mistari ya penseli juu yake, weka msasa wa maji juu ya kigae kilichonyooka, sugua mpaka mistari yote ifutike. Dakika chache tu. Hamfanyi kwa uvivu.

7. Stili, ile fimbo ya chuma ya kunyooshea makali, ni ya visu laini, ukiipiga kwenye cha Kijapani kigumu makali yanameguka vipandevipande. Na wale jamaa wa cherehe za baiskeli nawaheshimu sana, panga langu la nyumbani wananoa wao, ila cherehe kavu inachemsha chuma, ukiona ncha imegeuka bluu ujue ugumu wa pale umeshaondoka.

8. Kisu cha chuma cha kaboni kifute kila ukimaliza ndimu, kwa hii hewa ya chumvi ya Dar kutu haisubiri jioni. Ubao wa kioo ni wa kuwekea keki. Na atakayeacha kisu ndani ya sinki yenye povu, kama wiki iliyopita, ataenda mwenyewe kumweleza stuwadi.