Jibu: Ruzuku ya miti na bustani ya mtaa, tuanzie wapi?

Ndugu, umeuliza kama kikundi chenu kinaweza kuomba ruzuku ya umma ili kugeuza uwanja unaofurika kuwa bustani, na bajeti iandikwe vipi. Inawezekana, ila msianze na miti. Anzeni na maji: yanatoka wapi, yanatuama wapi, yanaingia nyumba ngapi. Mfadhili anataka kuona hatari ikipungua. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilifurika kwa mvua ya tarehe 2 Julai 2011, na mwaka uliofuata jiji likaandaa mpango wa kuyapa maji nafasi kwenye bustani na viwanja, badala ya kutegemea mabomba peke yake. Ombi lenu lijengwe hivyo.

Pateni pia idhini ya maandishi ya mwenye ardhi, mapema.

Kwenye bajeti ndipo naomba mkae sana. Ruzuku nyingi hazilipi gharama yote. Programu ya LIFE ya Umoja wa Ulaya, inayofadhili miradi ya mazingira na tabianchi, kwa mfano, huchangia hadi asilimia 60 kwa miradi yake mingi. Nyingine hurudisha fedha mkishatumia, kwa hiyo ulizeni kama kuna malipo ya awali. Na matunzo! Mche huhitaji kumwagiliwa miaka 2 au 3 ya mwanzo, na mara nyingi ruzuku huwa imeshafungwa. Andikeni nani atamwagilia, kwa fedha gani. Inaniuma sana kuona miche ya fedha za umma ikikauka. Masharti yakiruhusu, kazi ya kujitolea nayo ipigieni hesabu kama mchango wenu.