Nimwombe Mtoto Mwanamume Asiyenipenda?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, nina kazi yangu na ninajitegemea. Tangu nikiwa na miaka 30 nampenda mwanamume mmoja ambaye ni rafiki yangu. Anajua. Nilipomweleza alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akasema ananithamini kuliko watu wengi lakini mapenzi ya namna hiyo hayamo moyoni mwake, na hataki kunidanganya. Tukabaki marafiki. Hunipigia simu karibu kila usiku, na akiugua mimi ndiye wa kwanza kujua. Shangazi, mimi nataka mtoto. Jina la binti yangu nimelibeba tangu nina miaka 19. Siku hizi nikimwona mwanamke mwenye mimba nageuza uso. Na kila nikimwaza huyo mtoto, nauona uso wa huyu mwanamume. Nimefikia kutaka kumwambia: nipe mtoto tu, sitakudai chochote, si ndoa wala matunzo. Angalau nitakuwa na kitu chake. Au nikubali posa ya mtu mwingine nisiyempenda, nizae, yaishe? Najiona mjinga. Je, nimechelewa? Mwenye Kusubiri.*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo huu, na zaidi kwa kuubeba kimya huku kila usiku ukizungumza na mtu yuleyule unayemlilia.

Jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Usimwombe mtoto. Nalisema mapema kwa sababu naona umeshaanza kuyapanga maneno, na ningependa nikuwahi kabla hujayatamka.

Sikukatazi kuwa mama, hata ukiwa peke yako. Wako wanawake wengi waliolea bila mume na watoto wao wakakua wakijua wanapendwa. Kilichonishtua ni sentensi yako moja: "Angalau nitakuwa na kitu chake." Isome tena taratibu. Hapo hukumtaja mtoto, umemtaja baba. Mtoto huyo angezaliwa akiwa amepangiwa kazi tayari: awe kumbukumbu ya baba yake, akupe sababu ya kupiga simu, amlete mlangoni siku za homa na siku za kuzaliwa. Ungemtazama akiwa usingizini ukitafuta pua ya mtu mwingine. Na siku baba atakapooa, maana siku hiyo inaweza kuja, ungelia mbele ya mtoto asiyejua amekosa nini. Watoto huhisi mapema sana mambo ya namna hii, hata kabla hawajaweza kuyasema.

Halafu kuna hiyo ahadi ya kutomdai chochote. Naamini unaitoa kwa moyo safi, lakini si yako kuitoa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake na kutunzwa nao kadiri inavyowezekana. Katika nchi nyingi sheria huyahesabu matunzo kuwa haki ya mtoto mwenyewe, kwa hiyo makubaliano ya mdomo kati ya watu wazima wawili hayamfuti baba. Na sheria kando, mtoto atauliza. Utamjibu kwamba mlikubaliana baba asiwe baba?

Najua wapo marafiki wanaozaa na kulea pamoja bila mahaba, kwa mpango ulioandikwa na kueleweka, na mambo yakawaendea vizuri. Ila hao waliingia mikono yao ikiwa mitupu, hakuna aliyekuwa akimsubiri mwenzake. Wewe ungeingia ukisema unataka mtoto tu, huku moyo ukitazamia kwamba mimba itambadilisha. Jiulize usiku ukiwa peke yako, wala huna haja ya kuniandikia jibu: hujawahi kuwaza kwamba akimshika mtoto mikononi, atakupenda?

Huyu mwanamume simlaumu kwa alichokuambia. Alikupa ukweli mchungu uso kwa uso, na wengi hawana ujasiri huo. Tatizo ni kwamba ukweli aliusema mara moja, lakini simu anapiga kila usiku. Maneno yake yalisema hapana, mazoea yenu yanasema labda, na miaka sita umeishi ndani ya hiyo labda. Mwanasaikolojia wa Marekani Dorothy Tennov aliwahoji mamia ya watu waliozama katika mapenzi ya namna hii, na mwaka 1979 akaeleza kwamba yanalishwa na matumaini yaliyochanganyika na shaka. Mtu akipendwa waziwazi, ile homa hutulia. Akikataliwa kabisa, pasibaki hata tundu la kuchungulia, nayo baada ya muda hupoa. Inayodumu ni ile inayopewa dalili kidogo kidogo: ameniita jina la utani, amenikumbuka alipougua, leo amechelewa kukata simu.

Unajiita mjinga, na hilo nalikataa. Mwaka 2010 watafiti waliokuwa na mwanaanthropolojia Helen Fisher walichunguza ubongo wa watu 15 waliokuwa wameachwa karibuni na bado wanapenda. Walipooneshwa picha za wapenzi wao, ziliamka sehemu za ubongo zinazohusika na hamu na uchu, zikiwemo zile zinazohusishwa na uraibu wa kokeini. Mwili wako unafanya kile ambacho miili ya watu hufanya. Lakini uraibu hauponi huku dozi inaendelea, na hiyo simu ya usiku ndiyo dozi.

Sasa turudi kwenye jambo ulilolitaja kwa maneno machache ukalipita, nami naona ndilo kubwa kuliko yote. Jina la binti yako umelibeba tangu una miaka 19. Huyu mwanamume ulianza kumpenda ukiwa na miaka 30. Maana yake kwa miaka 11 ulimtamani mtoto ambaye hakuwa na uso wa mwanamume yeyote. Hamu hiyo ilikuwepo kabla yake. Ni yako. Hukuipata kwake, na akiondoka hataondoka nayo. Kilichotokea ni kwamba hamu mbili zimekaa pamoja muda mrefu mpaka zikashikana, na leo ukifikiria kumwacha unahisi unamwacha na mtoto pia. Ndiyo maana umeshindwa kuondoka. Ungekuwa unampenda yeye tu, nadhani ungekuwa umeshachoka.

Na hizi hamu mbili haziendi kwa mwendo mmoja. Mtu anaweza kupenda akiwa na miaka 50, 60, hata 70. Uzazi una muda wake. Kwa miaka sita umeuweka uzazi wako umsubiri mwanamume asiye na haraka, naye hana haraka kwa sababu hakuna anachokisubiri.

Katika kuzitenganisha, kuna kilio. Yule mtoto mwenye uso wake hatakuja. Umemwona mara nyingi sana akilini mwako, pengine unajua hata anavyocheka, na sasa nakwambia umuage. Hakuna atakayekupa mkono wa pole, kwa kuwa machoni pa watu hakuna aliyefariki. Msomi Kenneth Doka aliandika mwaka 1989 kuhusu huzuni ambayo jamii haiipi nafasi, ya mtu aliyepoteza kitu ambacho wengine hawakioni, nami naiona yako humo. Mlilie. Chagua mtu mmoja unayemwamini umwambie wazi kwamba unaomboleza, usijifanye umechoka tu na kazi. Kisha lile jina la binti libakize. Halikuwa la baba yake.

Umeuliza kama umechelewa. Hapana, lakini muda wa kuahirisha umekwisha, na nitakueleza ninavyojua. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na 2. Anapobalehe yamebaki takriban 300,000 hadi 500,000, na akifika miaka 37 kwa wastani yapo kama 25,000. Uwezo wa kushika mimba hupungua polepole kuanzia karibu miaka 32, kisha kasi huongezeka baada ya 37. Mwanamke mwenye afya njema wa miaka 30 ana nafasi ya kama asilimia 20 kushika mimba katika mwezi mmoja anaojaribu. Akifika 40 ni kama asilimia 5. Hatari ya mimba kuharibika nayo hupanda kadiri umri unavyosogea. Wewe uko katikati. Wanawake wengi wa umri wako hupata watoto, ila ningekuwa karibu nawe ningekushika mkono tukaenda kwa daktari wa uzazi mwezi huu huu.

Mwombe akuangalie kizazi na vifuko vya mayai kwa ultrasaundi, na akupime homoni iitwayo AMH. Kipimo hicho hukadiria wingi wa mayai yaliyobaki. Hakisemi ubora wake, wala peke yake hakitabiri kama utashika mimba kwa njia ya kawaida, kwa hiyo namba ikiwa ndogo usikate tamaa, na ikiwa kubwa usibweteke. Mweleze hedhi yako ilivyo, na kama ina maumivu makali usiyafiche, maana yapo magonjwa yanayojificha humo na kuharibu uzazi taratibu. Muulize kuhusu kugandisha mayai: huchomwa sindano za homoni kwa takriban siku 10 hadi 14, kisha mayai huvunwa na kuhifadhiwa. Yakigandishwa mapema huwa bora zaidi, lakini hayakuhakikishii mtoto. Mengine hayabaki salama yanapoyeyushwa, mengine hayatungi. Ni gharama kubwa. Muulize pia kuhusu kupata mimba kwa mbegu za mchangiaji, kama sheria ya unakoishi na dhamiri yako vinaruhusu. Na kuasili mtoto usikuweke mwisho kana kwamba ni zawadi ya kufutia machozi. Kuna watoto wanaohitaji mama kuliko wewe unavyomhitaji mtoto, na taratibu zake huchukua muda, kwa hiyo ulizia sasa hata kama hujaamua.

Njia hizi si rahisi, na mojawapo au zote zinaweza kukataa. Siwezi kukuahidi mtoto, mwanangu. Natamani ningeweza. Ninachokiona ni kwamba katika kila moja ya hizo, yeye hayumo, nawe bado unaweza kuwa mama.

Kuhusu posa ya yule usiyempenda: usimfanyie mwenzako kile kinachokuua wewe. Atalala pembeni yako akisubiri kupendwa kama unavyosubiri. Kama ni mtu mwema na unahisi ungeweza kumpenda ukipata nafasi, basi toa moyo wako huko uliko kwanza, mpe muda, umweleze mapema kwamba unataka mtoto. Wanaume wengi hulipokea jambo hilo likisemwa wazi. Lakini kuolewa ili uzae yaishe, hapana. Haitaisha.

Na huyu rafiki utamwambiaje? Usitoweke tu, hajakutendea vibaya kiasi hicho. Wala usimweleze habari ya kumtaka mtoto, kwa maana utampa huruma, na huruma yake ndiyo imekuweka hapo. Mwambie maneno machache, ikiwezekana kwa simu, usimtazame machoni: "Uliniambia ukweli nami nikabaki nikitumaini. Siwezi kupona nikizungumza nawe kila usiku. Naomba tusiwasiliane, na usinisubiri nirudi hivi karibuni." Akiuliza amekosa nini, jibu kwamba hakukosa. Akilia, mwache alie, ana watu wake. Usikubali ile habari ya tupunguze tu, tuzungumze mara moja kwa wiki, kwa sababu utaishi siku sita ukiisubiri ya saba. Wiki za kwanza zitakuwa mbaya na utaamini mimi Shangazi nimekupoteza. Saa ile aliyokuwa akipiga ijaze na mtu, hata kama ni jirani, hata kama ni kumsomesha mtoto wa ndugu yako.

Panga siku ya kumwona daktari kabla ya kumpigia yeye hiyo simu ya mwisho, ili ukikata uwe na tarehe mbele yako. Na majibu ya vipimo yakitoka, mazuri au mabaya, asiwe yeye wa kwanza kuyasikia. Mpigie dada yako, au yule uliyemchagua wa kumlilia. Ukikosa mtu, niandikie mimi.

Shangazi yako