Hizo namba za pembeni ya saa yako zina kazi

Nikipanda basi la Moshi huwa natafuta kiti cha dirishani upande wa kushoto, na si kwa ajili ya upepo. Pembeni ya barabara kuu kuna nguzo fupi za kilomita, na saa yangu ni kronografu, yaani ina mshale wa sekunde unaowashwa na kusimamishwa kwa kitufe. Nguzo ikifika usawa wa dirisha nabonyeza. Inayofuata ikifika nabonyeza tena. Mshale ukisimama kwenye sekunde 45, namba iliyo mkabala nao kwenye pete ya nje ni 80. Huo ndio mwendo wetu, kilomita 80 kwa saa. Ukisimama kwenye 36 tunakimbia 100, na hapo konda lazima anisikilize.

Pete hiyo ni takimita. Kazi yake ni kukugawia 3,600 kwa sekunde ulizotumia kumaliza kilomita moja. Nyingi huishia 60, maana chini ya mwendo huo mshale unakuwa umeshamaliza duru nzima. Kwenye vijiji, penye kibao cha 50, hesabu mwenyewe: kilomita moja isipungue sekunde 72. Na usigombane na dereva kwa kipimo kimoja. Pima mara mbili tatu, kwa sababu nguzo nyingine zimeng'olewa na kidole nacho huchelewa.

Kampuni ya saa ya Omega ilipoitoa Speedmaster, kronografu yenye takimita, mwaka 1957 iliwalenga watu wa mbio za magari. Ikaishia mwezini mwaka 1969, ambako nguzo za kilomita hakuna! Ila kitufe chake kilikuja kufaa: mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 13, chombo chao kikiwa kimeharibika, walitumia saa hiyo kupima sekunde 14 za kuwasha injini ili wanyooshe njia ya kurudi duniani.

Kwa hiyo ukienda kununua, bonyeza vitufe palepale dukani. Saa nyingi za bei poa zina visaa vidogo vilivyochorwa tu, havisogei hata ufanyeje. Hilo ni pambo, lisikupandishie bei.

Saa ya kuzamia nayo ina pete yenye dakika 60. Zungusha pembetatu yake ikae mkabala na mshale wa dakika, kisha endelea na shughuli zako. Muda uliopita utausoma kwenye pete. Inazunguka upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa mishale, ili ikigongwa majini ioneshe mzamiaji amekaa muda mrefu zaidi, apande juu mapema kabla hewa haijamwishia. Wazamiaji wa leo wana kompyuta mkononi. Mimi pete hiyo naitumia kwenye maegesho ya mjini na kwenye sufuria ya maharage, na inanitosha kabisa.

Kuhusu maji, maandishi ya mgongoni yanadanganya macho. Mita 30 maana yake ni manyunyu na kunawa mikono, si kushuka mita 30. Kuogelea kwa kawaida tafuta 100. Kuzamia na mtungi, 200. Vitufe usivibonyeze ukiwa ndani ya maji. Ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kila baada ya miaka michache mwambie fundi akubadilishie mpira wa kuzuia maji, hata kama saa bado inatembea vizuri.