Choo cha kwanza baada ya kupasuliwa bawasiri

Siku ya tano baada ya upasuaji nilisimama mlangoni mwa choo, mkono mmoja umeshika mbao ya mlango, wa pili umekamata khanga, machozi yananitoka na hata sijaingia. Dada yangu alikuwa nyuma yangu na kopo la maji. Akaniambia, "Ingia mdogo wangu, mimi nipo hapa hapa." Nikaingia. Yaliyonipata humo ndani ndiyo yanayonifanya niandike haya, kwa sababu sehemu kubwa ya mateso yale niliyatengeneza mwenyewe, na wewe unaweza kuyakwepa.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Morogoro. Bawasiri, ule uvimbe wa mishipa ya damu kwenye njia ya haja kubwa, ilinianza kwenye mimba ya mtoto wa pili. Miaka ya mwanzo ilikuwa inakuja na kuondoka, baadaye ikakaa moja kwa moja: kila nikienda haja kinyama kinatoka nje, nakirudisha kwa kidole, na damu inadondoka. Nilificha kwa miaka tisa. Nilitumia mizizi ya kuchemsha, nikapaka dawa nyingine iliyoniunguza ngozi, mpaka siku nilipojikaza kwenda kwa daktari wa upasuaji. Alinichunguza nje na ndani, akaniambia imefika hatua ya tatu, kukata ndiko kutakakonisaidia. Si kila mtu hukatwa. Wenye bawasiri changa wengi hutibiwa kwa chakula na dawa, au hufungwa kimpira kidogo kinachokausha kile kinyama. Na tafadhali, ukiona damu kwenye choo usijipe jina la bawasiri mwenyewe, nenda ukachunguzwe. Saratani ya utumbo nayo huweza kuanza kwa damu.

Upasuaji wenyewe sikuusikia. Nilichomwa ganzi ya mgongoni, nikawa nasikia tu vyuma vinagongana kwenye sinia. Usumbufu ulianza usiku: kibofu kimejaa na mkojo hautoki. Nikaona aibu kusema, nikavumilia karibu saa tatu nzima. Nesi alipokuja kupima presha ndipo alipogundua, akanifokea kwa upole, "Mama, hili ungesema mapema," akaniwekea mpira wa kutolea mkojo. Hutokea kwa wengi baada ya upasuaji huu, hasa kwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo sema mara moja.

Kesho yake nilimuuliza daktari swali lililokuwa linanikera kama fundi: mbona hamkushona? Akanieleza kwamba wapo wanaoshona, ila kwangu vidonda viliachwa wazi vijifunge kuanzia chini kuja juu, na ingechukua kama wiki 4 hadi 6, pengine zaidi. Akanieleza pia kwa nini panauma kuliko ukubwa wa kidonda. Sehemu ile ina mishipa mingi ya fahamu, halafu msuli unaozunguka njia ya haja ukiguswa hujikaza wenyewe, unabana kama mtu aliyekunja ngumi. Maumivu huukaza, na ukikaza panauma zaidi. Kulielewa hilo kulinisaidia, maana karibu kila nilichoelekezwa baadaye kilikuwa cha kuulegeza msuli huo au kuuzuia usishtuke.

Sasa kosa langu. Kwenye karatasi ya dawa kulikuwa na za maumivu, flajili ya kuzuia maambukizi, na dawa ya maji ya kulainisha choo, laktulosi. Ile ya choo haikuwepo kwenye duka la kwanza nililopita. Nikajiambia si kitu, muhimu ni za maumivu. Kisha nikaogopa kula. Nilidhani nisipokula sitakwenda haja, na nisipokwenda haja kidonda kitapata nafasi ya kupona. Siku nne nilikunywa uji mwepesi wa sembe, vikombe vitatu kwa siku, na maji kidogo. Juu ya hayo nilikuwa nameza tramadoli, dawa kali ya maumivu ambayo yenyewe hufunga choo, na hilo nilikuwa sijui. Hata usipokula, utumbo hautulii. Kile kidogo kilichomo kinaendelea kunyonywa maji, kinakauka, kinakuwa mawe. Siku ya tano mawe hayo ndiyo yaliyopita juu ya kidonda kibichi. Nilisikia kama napitisha vipande vya chupa. Nilitoka nikiwa nimelowa jasho, miguu inatetemeka, na msuli ulijikaza kiasi kwamba sikuweza kukaa wala kulala chali kwa saa nyingi.

Dada yangu alikwenda mjini jioni ile ile, akaitafuta laktulosi mpaka akaipata. Dawa hii haifanyi kazi papo hapo. Huchukua siku moja hadi mbili, ndiyo maana inatakiwa ianze siku ya upasuaji au kabla yake, kwa kipimo utakachopewa. Akaanza kunilisha: papai asubuhi, mlenda na ugali wa dona mchana, mchicha, maharage kidogo kidogo ili tumbo lisijae gesi, na maji mpaka mkojo ukawa mweupe. Pilipili niliiacha kabisa. Choo cha pili kiliuma. Cha tatu kiliunguza kidogo tu. Baada ya wiki nilikuwa naingia bila kusindikizwa.

Dawa za maumivu nazo nilikuwa nazitumia vibaya, nasubiri mpaka nishindwe kabisa ndipo nimeze. Kwetu mwanamke anayevumilia husifiwa, nami nilitaka sifa hiyo. Lakini maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Nesi aliyekuja kunitazama nyumbani aliniandikia ratiba nyepesi kukumbuka: parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500 saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku, iwe panauma au hapaumi, kwa wiki ya kwanza. Vidonge 8 kwa siku ndio mwisho, usipitishe. Katikati yake nilimeza ibuprofeni baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo asiiguse mpaka aongee na daktari wake. Tramadoli nikaibakiza ya usiku, siku mbili tu, kisha nikaiacha. Wapo pia wanaoandikiwa dawa ya kupaka ya kulegeza msuli. Mimi sikupewa, ila inafaa kuiulizia.

Beseni lilinisaidia kuliko nilivyotegemea. Chukua beseni pana, maji ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama unavyopima ya kumwogesha mtoto mchanga. Unakaa makalio yazame, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku na kila utokapo chooni. Dakika ya tatu au ya nne hivi nilikuwa nasikia kabisa ngumi inafunguka. Mama mkwe, kwa mapenzi yake, alitaka kumimina chumvi ya mkono mzima na dawa ya kuulia vijidudu. Nilimwomba radhi, nikamwambia, "Mama, daktari kasema maji matupu yanatosha." Dawa kali huunguza nyama changa. Ukitoka, jikaushe kwa kugusa-gusa na khanga kuukuu iliyofuliwa, usisugue. Weka pedi, maana majimaji yenye damu hutoka kwa wiki kadhaa.

Chooni, usikae muda mrefu. Ukisikia haja nenda mara moja, usiiahirishe, na dakika tano zikipita bila kitu, inuka. Usikamue. Simu iache chumbani. Choo cha kuchuchumaa kina mkao mzuri kwa kazi hiyo, tatizo ni kuinuka wakati miguu haina nguvu, kwa hiyo pawe na kitu cha kushika. Mwenye choo cha kukaa aweke kigoda chini ya miguu.

Siku ya tisa niliona damu nyekundu kwenye pedi nikaogopa sana. Kumbe kati ya wiki ya kwanza na ya pili magamba ya kidonda hubanduka, na matone huwa ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni damu inayoendelea kumwagika au yenye mabonge, kizunguzungu, homa, usaha, mkojo kuziba, au maumivu yanayozidi kila siku badala ya kupungua. Hapo usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo. Na wewe unayemuuguza mtu, zijue dalili hizi, kwa sababu mgonjwa atakuambia anavumilia.

Nilirudi kwenye cherehani wiki ya nne. Nilikalia mto laini, na kila nusu saa nikainuka kupiga pasi au kukata kitambaa. Bodaboda niliikwepa mpaka wiki ya sita, kwa ajili ya matuta. Ndoo ya maji pia walinibebea wanangu. Wiki hiyo ya sita daktari alinitazama akasema pamefunga, bado kakovu kadogo kanakomalizikia.

Jirani yangu mmoja amepangiwa mwezi ujao. Alikuja jioni, akazungumza habari za bei ya nyanya mpaka baba watoto alipotoka, ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini kama inauma. Nikamwambia inauma, nikamweleza yote haya, ya mkojo na ya choo, bila kupunguza neno. Laktulosi ameshainunua, iko kabatini kwake. Beseni nimempa langu.